Sifa, Lami na Mrututu: Mbao na Mavazi Yake

Wapenzi wa ushairi wamelizoea neno sifa katika mahali pake pa heshima. Mtume husifiwa, sultani husifiwa, mpenzi husifiwa, na hata nazi na jahazi zimepata watunzi wa kuzisifu. Lakini aliyekulia karibu na ufukwe wa madau anaijua sifa nyingine, nayo haijulikani kwa masikio bali kwa pua. Ni mafuta ya maini ya papa, yaliyoachwa juani ndani ya pipa mpaka yakaiva kwa kuoza, kisha yakapakwa ubavuni mwa chombo. Harufu yake humfikia mtu kabla hajakiona chombo chenyewe. Lugha imeyaacha maneno haya mawili yafanane kwa sura na kwa sauti, nami kila nisikiapo kasida ikianza siachi kutabasamu kidogo.

Sababu ya kuandika makala haya, hata hivyo, si papa wala kasida. Ni barza. Miaka kadhaa nyuma tuliijenga upya barza ya nyumba ya wazee wetu huko shamba. Boriti za zamani zilikuwa zimechakaa, na kupata mpya zilizokatwa kwa halali ilikuwa shida. Tukanunua mbao za msonobari kutoka bara, zile zenye rangi ya kijani iliyofifia ambazo kila mtu huziita mbao za dawa. Zilifika zikiwa nzito kana kwamba zimeopolewa kisimani. Ramadhani ilikuwa inamalizikia na hapana aliyetaka kuipokea Sikukuu na barza isiyokuwa na rangi, basi siku ya tatu tukazipaka rangi nyeupe ya mafuta, mikono miwili. Zilipendeza mno. Wageni wa Mfunguo Mosi waliketi wakatupongeza. Ilipofika Idi ya Mfunguo Tatu, rangi ile ilikuwa imetoa malengelenge kila mahali na imeanza kubanduka kama mjusi anayejivua ngozi.

Mzee mmoja, fundi wa majahazi aliyestaafu, alikuwa akipita kuelekea msikitini. Alisimama, akapokea shikamoo zetu, akaichokonoa rangi kwa ukucha, akatazama unyevu uliokuwa chini yake, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mlipaka mbao au mlipaka maji?"

Swali lile lilinikaa. Nilitaraji kwamba jibu lake lingekuwa la dakika moja, la muuza duka la vifaa vya ujenzi. Badala yake lilinipeleka mbali: ufukweni kwetu wenyewe, kisha London, kisha chini ya milima ya Himalaya, na mwisho likanirudisha jikoni, kwenye mafiga.

Tuanze na chombo, kwa sababu ufundi wa pwani wa kuhifadhi mbao ulikomaa majini kabla ya kupanda nchi kavu. Jahazi lililosafiri kwa pepo za msimu, likashuka na kaskazi na kurudi na kusi, lilikuwa na maadui watatu: jua, mvua na mdudu wa baharini. Msomaji atashangaa kwamba maji ya chumvi hayamo katika hesabu hiyo. Yenyewe si adui mkubwa. Mvua ndiyo inayoozesha, kwa kuwa kuvu anayekula mbao hupenda maji matamu na huchelea ya chumvi. Ndiyo maana chombo kikongwe aghalabu huanza kuoza juu, penye sitaha na viungo vinavyokusanya maji ya mvua, na si chini kinakoogelea.

Kila adui alipewa dawa yake. Sehemu ya juu isiyozama ilipakwa sifa, nje na ndani. Mafuta yale hayakufanya ngozi juu ya ubao. Ubao uliyanywa, na ulipokauka ukanyweshwa tena. Sehemu ya chini ilipakwa deheni, yaani chokaa iliyokorogwa na shahamu ya mnyama mpaka ikawa kama uji mzito mweupe. Jina hilo nasaba yake ni Kiarabu, kutokana na neno la mafuta. Chombo kilipandishwa ufukweni kwa maji ya bamvua. Maji yakipwa, kikabaki kimeegemea magogo. Mafundi wakakizunguka na mienge ya makuti, wakiubabua ubavu juu juu ili kuwaua wadudu na kuunguza mwani. Nyufa zikakalafatiwa kwa pamba iliyolowa mafuta. Kisha deheni ikapakwa kwa viganja, mkono wa mtu ukiwa ndio burashi. Kazi yote ilipasa imalizike kabla maji makubwa hayajarudi kukichukua chombo, na baada ya miezi michache ilibidi ianze upya, kwa sababu deheni, tofauti na sifa, hukaa juu, na kila kikaacho juu hubanduka.

Hapo ndipo fundi yule alipotaka nipaone. Kuna kunywesha, na kuna kuvisha. Sifa ni kinywaji, deheni ni nguo. Mambo yote yanayofuata katika historia hii, hata yale ya viwandani, ni mvutano baina ya hayo mawili.

Pambo lilikuwa na mahali pake padogo tu. Mtepe, kile chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, ulichorwa macho kwenye omo lake; mengine yote ya mwili wake yalibaki rangi ya mafuta na jua. Mtu hakupaka rangi ili kuificha mbao. Alipaka ili iishi.

Na mdudu mwenyewe wa baharini si mdudu. Ni jamaa ya kombe na chaza, mwenye mwili mrefu laini mfano wa nyungunyungu, na gamba lake limebaki dogo tu penye kichwa likawa keekee. Huingia ubaoni akiwa mchanga, kwa tundu ambalo jicho halilioni, kisha hukulia ndani. Mwaka 1731 Waholanzi waligundua kwamba nguzo za mbao zilizokinga maboma yao ya kuzuia bahari zimeliwa namna hiyo, na walilazimika kuyavika mawe yaliyoagizwa kutoka nchi nyingine. Waingereza, mwaka 1761, waliivalisha manowari yao iitwayo Alarm mabati membamba ya shaba. Mwenye jahazi wa kwetu hakuwa na hazina ya kununulia shaba. Alikuwa na chokaa, shahamu, na jamaa wa kumsaidia siku ya bamvua.

Nchi kavu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mikoko ilikuwa inajilinda yenyewe. Wafanyabiashara wa Lamu waliipanga kwa unene wakaipa majina ambayo hata leo yanasomeka kama mizani ya utungo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ubao wa mkoko na wa mkandaa ni mzito na mgumu, nao una ule ukakasi ambao katika ganda la mti hufikia kiasi cha kutumika kutengenezea ngozi za wanyama. Mchwa haupendi. Kwa hiyo boriti haikupakwa wala kunyweshwa kitu. Ilikatwa, ikakaushwa, ikapachikwa ukutani, na juu yake ikapangwa mawe na chokaa. Urefu wake ulio imara haukuzidi sana mita 3, na huo ndio ulioamua upana wa vyumba vya Mji Mkongwe na vya Lamu, vikawa virefu na vyembamba. Anayesema kwamba usanifu wa nyumba zetu ulibuniwa na masultani amemsahau mkoko.

Kilichoiua boriti kilikuwa uvujaji. Dari likiachwa, ncha ya boriti iliyozikwa ukutani hunyonya unyevu wa matumbawe na chokaa, ikaoza mahali ambapo hapana jicho linalofika, na chumba kikashuka chote siku moja ya masika. Wengi wetu tumesikia mshindo huo mtaani.

Boriti hizo hazikuwa zetu peke yetu. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na chombo cha Kuwait katika msimu wa mwaka 1938 na 1939 mpaka Unguja na kuingia katika delta ya Rufiji, ambako mabaharia walipakia mikoko kwa ajili ya kuezekea nyumba za Ghuba, nchi isiyo na miti. Kwa karne nyingi dari za huko zilibebwa na misitu ya huku. Baada ya mafuta ya petroli kuleta saruji na chuma, haja ile ilipungua. Na huku kwetu miti mirefu iliyonyooka ilianza kuadimika. Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982. Tangu hapo, fundi wa kisiwani anayetaka boriti huinua macho kutafuta mti mwingine: mvinje wa shambani, au msonobari wa bara. Na msonobari, ndugu msomaji, hauna ukakasi wowote. Kwa mchwa ni mkate.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa kuwa dawa iliyoufanya msonobari ukubalike haikuanzia kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Ulaya ilikuwa na njaa ya mbao zisizooza: meli, gati, migodi, na juu ya yote reli. Mwaka 1831 Mfaransa Bréant alipata wazo la kuutia ubao dawa kwa kuishinikiza iingie, badala ya kuuchovya na kungoja. Mwaka uliofuata Mwairishi John Howard Kyan alijipatia hati ya uvumbuzi wa kuuchovya ubao katika chumvi ya zebaki, sumu ambayo ni hatari kwa anayeishika sawasawa na kwa mdudu. Lakini aliyeshinda ni John Bethell, mwaka 1838. Yeye aliziweka mbao ndani ya pipa kubwa la chuma lililofungwa, akaivuta hewa iliyomo katika vitundu vya ubao, akaliacha pipa lijae mafuta meusi, kisha akayasukuma kwa nguvu ya pampu mpaka yakazama ndani kabisa. Mafuta hayo, kriosoti, yalikamuliwa kutoka lami ya makaa ya mawe, ambayo ilikuwa takataka ya viwanda vya gesi ya taa za mitaani. London iliangazwa kwa gesi, na masalia ya mwanga wake yakaenda kulala chini ya reli.

Hapa niruhusiwe kutoka nje ya njia hatua moja. Mbao hizo za chini ya reli Kiswahili kinaziita mataruma, na taruma ni jina la zamani la mbao za kuukaza mwili wa chombo kwa ndani. Watu wa pwani walipoyatazama magari ya moshi hawakuomba neno kwa wageni. Waliuona mfano wa jahazi lililolala chali, wakalipa jina wanalolijua.

Turudi. Kriosoti ni sifa ya viwandani: ni mafuta, huzama, hunuka, na hufanya kazi. Ila ina tabia moja ambayo mwenye nyumba haivumilii. Haikubali kupakwa rangi. Nguzo yake ni nyeusi na itabaki nyeusi. Ukiipaka nyeupe leo, baada ya muda mfupi mafuta yamepenya na kuacha madoa ya kahawia. Kwa hiyo kwa takriban miaka 100 dunia ilikuwa na aina mbili za mbao: zile zilizotiwa dawa, zilizokaa njiani, reli na bandarini, na zile zilizopakwa rangi, zilizokaa nyumbani na kuoza kwa adabu chini ya nguo zao. Tusidhani kwamba nguo hizo zilikuwa salama. Rangi nyeupe ya mafuta ya zama zile mwili wake ulikuwa risasi.

Aliyezikutanisha mbao hizo mbili alikuwa Mhindi, na jina lake linastahili kujulikana zaidi upande huu wa bahari: Sonti Kamesan. Alifanya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Dehra Dun, iliyoanzishwa mwaka 1906 chini ya milima ya Himalaya. Tatizo lililokuwa mbele yake lilikuwa la zamani. Chumvi za madini huua kuvu na wadudu vizuri, ni kavu na hazinuki, lakini huyeyuka. Mvua ya kwanza huzitoa ubaoni kama inavyotoa chumvi kwenye samaki. Mrututu, ule unga wa kibuluu wa shaba ambao wazee wetu waliujua kwa tiba za vidonda, ulikuwa umejaribiwa tangu karne ya 19 ukashindwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1933 Kamesan aliunganisha vitu vitatu: shaba ya kuua kuvu, aseniki ya kuua mchwa na kuvu wale wasioiogopa shaba, na kromiamu. Cha tatu ndicho siri. Kromiamu inapokutana na ubao hubadilika, na katika kubadilika huko huishika shaba na aseniki na kuzifunga humo zisitoke. Dawa ile iliitwa Ascu, kwa kuunganisha alama za kikemia za aseniki na shaba, na mwaka 1938 alipata hati ya uvumbuzi wake huko Marekani.

Wapenda historia ya pwani wataonja utamu wa jambo hili. Msaji wa milango yetu mingi ya Mji Mkongwe uliletwa na bahari kutoka India, jina lake pia. Na ilipofika zamu ya kuihifadhi mbao isiyo na nguvu za msaji, maarifa yalitoka upande ule ule. Mti unaojilinda wenyewe na dawa ya mti usioweza kujilinda ni zawadi za nchi moja.

Rangi ya kijani iliyokuwa katika mbao za barza yetu ilikuwa ni shaba ya Kamesan. Na ubora alioongeza juu ya Bethell ulikuwa huu: mbao hizi hupakika. Tangu miaka ya 1970 Wamarekani walizijengea sebule za nje, ngazi, uzio, na viwanja vya kuchezea watoto, na wakazipaka kila rangi waitakayo. Lakini zina masharti, na sisi tuliyavunja yote mawili.

Sharti la kwanza ni kungoja. Mbao hutoka ndani ya pipa la chuma zikiwa zimeshiba maji, kwa kuwa maji ndiyo yaliyoibeba dawa. Uzito tulioupata mabegani siku ile gari lilipofika ulikuwa maji matupu. Kuipaka mbao ya namna hiyo rangi ya mafuta ni kuuziba mlango wakati wageni wako ndani. Jua la kwetu likipiga, maji hutafuta njia ya kutoka, na njia pekee ni kuinua rangi. Ndiyo malengelenge. Zaidi ya hayo, ile kazi ya kromiamu ya kuifunga dawa haimaliziki siku moja. Penye joto huchukua siku kadhaa, penye baridi wiki nyingi. Mbao zikishasimama juani na upepo ukapita kati yake, kuna mtihani ambao hauhitaji chombo chochote: mwagia tone la maji. Tone likikaa juu kama shanga, subiri. Likinywewa, ubao una kiu, na wenye kiu hupokea.

Sharti la pili ni lile la sifa na deheni. Mbao laini ya msonobari hutanuka kwa masika na kunywea kwa kiangazi. Nguo nzito ya rangi haiwezi kuifuata kila inapokwenda, hasa penye kukanyagwa na kukaliwa. Hupasuka, maji huingia kwa nyuma yake, na mambo yanakuwa mabaya kuliko kama isingepakwa. Rangi nyepesi ya mafuta, ile inayonyweka, haina cha kubanduka. Hufifia tu, nawe ukainywesha mbao tena. Na kila unapokata ubao wa dawa, ule uso mpya uliofunuka haukunywa kitu, hasa penye kiini cha mti ambacho dawa hukiingia kwa shida. Upakwe dawa ya shaba kwa burashi kabla ya rangi, au utakuwa umemfungulia mchwa dirisha. Haya yote fundi wa majahazi aliyajua bila kusoma habari za Kamesan, kwa sababu aliishi maisha yake yote baina ya kinywaji na nguo.

Ningemaliza hapa kama jambo lingekuwa la rangi tu. Halikuwa.

Dawa ni neno la hila. Humaanisha kiponyacho, na humaanisha kiuacho, na ubao uliotiwa dawa umeponywa kwa kutiwa sumu. Kwa miaka 60 na zaidi wataalamu waliridhika kwamba kromiamu imeifunga aseniki. Kwa kiasi kikubwa imeifunga. Lakini kiasi kidogo hutoka, kikakaa juu ya ubao na kuingia katika udongo ulio chini yake, na anayeshika ubao kisha akatia kidole kinywani ni mtoto. Mwezi Februari mwaka 2002 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilitangaza kwamba watengenezaji wamekubali kuiacha dawa hiyo katika mbao za majumbani kufikia tarehe 31 Desemba 2003. Ulaya nayo iliweka mipaka iliyoanza kutumika mwaka 2004. Nguzo za umeme na kazi nyingine nzito ziliachwa ziendelee. Kwa nyumba zikaja dawa mpya zisizo na aseniki lakini zenye shaba nyingi zaidi, ambayo hula msumari wa kawaida wa chuma. Anayejenga nazo katika kisiwa chenye hewa ya chumvi asizigongomee ila misumari iliyovikwa zinki vizuri au isiyoshika kutu.

Na mamilioni ya mbao zilizokwisha kujengewa? Ushauri uliotolewa ulikuwa wa ajabu kwa mtu aliyeifuata historia hii: zipakwe. Zinyweshwe rangi ya mafuta inayozama, kila mwaka au karibu na hapo, ili mkono usiikute aseniki. Rangi nzito za kufanya ngozi zikaonekana hazifai, kwa sababu zikibanduka mtu huzikwangua, na vumbi la kukwangua ni baya kuliko ubao wenyewe. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka. Babu zetu walipaka ili kuikinga mbao na dunia. Sasa watu wanapaka ili kujikinga na mbao.

Bara, katika nyanda za Iringa na Njombe, miti ya nguzo inastawi: misonobari ya Sao Hill, mikaratusi, na miwati. Kampuni ya miwati ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya ganda la mti, kutoa ukakasi wa kutengenezea ngozi kama ule wa mikandaa ya Rufiji; baadaye ikawa pia mahali pa kutia nguzo dawa. Unguja ilipata umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, Pemba mwaka 2010, na tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007 haja ya nguzo imekuwa kubwa mno huko bara. Nguzo za kijani zimesimama mpaka kwenye vijiji ambavyo taa yake ilikuwa kibatari. Ni neema, na sitaki asomaye anidhanie nazichukia. Mwanafunzi anayesoma usiku anasoma kwa hisani ya nguzo isiyoliwa na mchwa.

Lakini nguzo huanguka, na mbao hukatwa, na vipande hubaki. Na katika nchi inayopikia kuni, hakuna kipande kisicho na mwenyewe. Hapa moto huufungua mkono wa kromiamu. Sehemu ya aseniki hupanda na moshi, iliyobaki hukaa jivuni. Mwaka 1984 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha habari ya familia moja ya watu 8 wa kijijini katika jimbo la Wisconsin, waliougua kila majira ya baridi kwa miaka mitatu mfululizo, wakatokwa damu puani, wakapata vipele, na nywele zikawapukutika karibu zote. Walikuwa wakiota moto wa vipande vya mbao za dawa. Na jivu kwetu si taka. Tunasugulia sufuria. Tunatupia bustanini. Kuku huoga ndani yake.

Muuza mbao hakutuambia. Risiti haikusema. Siku ile ya malengelenge, fundi mzee alipomaliza na rangi, aligeuka akayaona mabaki yetu yamepangwa vizuri kando ya jiko, akaacha kutabasamu. Akamwita Bi Mkubwa kwa jina la mwanawe, kama ilivyo adabu, akamwomba radhi kwa kuingilia mambo ya jikoni, na akasema kuni zile zisiingie mafigani, wala jivu lake lisikaribie chombo cha kulia. Bi Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini basi watu wazima na akili zao wamemjengea barza ya sumu na kuwakalisha wageni juu yake siku ya Idi. Hapana aliyemjibu.

Tuliikwangua barza kwa maji, si kwa msasa mkavu, tukazikusanya ngozi za rangi kwenye gunia. Tukaiacha uchi kaskazi nzima. Watoto walikatazwa kuketi bila mkeka. Kila Ijumaa nikifika shamba nilichovya kidole kwenye kata na kudondosha tone, na kila Ijumaa tone lilikaa juu likinitazama, mpaka wiki moja likanywewa kabla sijauondoa mkono. Tukainywesha mafuta ya rangi ya udongo, mkono mmoja, na wa pili siku iliyofuata. Fundi mzee alikuja, akapitisha kiganja, akanusa, akasema haina harufu ya kazi lakini itafaa.

Vipande vilivyobaki tulivifukia mbali na kisima. Bi Mkubwa alisimama na bakora yake kulisimamia shimo, na kila kipande kilipotupwa alikihesabu kwa sauti, kama mtu anayetoa zaka asiyokubaliana nayo: kuni za siku mbili, za siku tatu, za wiki nzima.